Anza na uzito wa begi lenyewe

Ndugu mwandishi, umesifia mno mabegi ya plastiki ngumu, lakini sisi wa Nyanda za Juu Kusini safari yetu huanza kabla ya Dar. Begi la msafiri wa Iringa hutupwa kwenye buti la basi na kulaliwa na viroba vya watu hadi mwisho wa safari. Wa Mbeya anayepandia ndege uwanja wa Songwe akiwa na tiketi mbili tofauti, moja ya kufika Dar na nyingine ya kuendelea mbele, hupimiwa mzigo mara mbili, na kikomo kilicho kidogo ndicho kitakachombana. Mtego huo hukuutaja kabisa.

Mashirika mengi hutaka begi moja la daraja la kawaida lisizidi kilo 23, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visipite sentimita 158, magurudumu na mpini vikiwemo. Begi gumu kubwa laweza kula kilo tano kabla hujatia hata kanga. Kwangu mimi, la kitambaa kizito lenye magurudumu mawili makubwa linatosha. Yale manne madogo yanapendeza kwenye vigae vya uwanjani, si kwenye stendi yenye kokoto. Wakati wa kupakia, mchele wa Kyela ukae chini, upande wa magurudumu. Vikapu vya Iringa vipachike kimoja ndani ya kingine, ujaze nguo. Pawabenki ibaki kwenye begi la mkononi.

Na nunueni kwanza mizani ndogo ya kuning'iniza, ndipo mwende dukani kuchagua begi.