Filamu zikifufuliwa, Bujumbura nayo izione

Papa Wemba alifariki Aprili 2016 akiwa jukwaani Abidjan, lakini Bujumbura haijaacha kumsikiliza. Nyimbo zake bado zinapigwa katika baa za Bwiza na Buyenzi, na harusini wazee hawakai kitini zinapoanza. Sauti yake haina shida kupatikana. Shida iko kwenye filamu yake, "La Vie est belle" ya mwaka 1987, ambamo anacheza kijana wa kijijini anayeingia Kinshasa kutafuta riziki kwa muziki, anaishia kuwa boi wa tajiri, kisha anampenda binti ambaye tajiri huyo naye anamtaka.

Filamu hiyo ni ya kuchekesha na ya kuimba, na ni ya ukanda huu. Mweze Ngangura, aliyeiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, alizaliwa Bukavu, mji ambao msafiri wa Bujumbura huufikia kwa kupandisha bonde la Rusizi. Tangu mwaka 2022 nchi yake iko pamoja na Burundi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hivyo swali la nani anaihifadhi filamu ya namna hii, na nani anapata kuiona, linawahusu wananchi wa Jumuiya.

Wenye mali wameshajibu swali hilo kwa upande wao. Mwaka 1978 moto uliteketeza ghala la filamu huko Rochester, Marekani, na mkanda wa kwanza wa "Singin' in the Rain", filamu maarufu ya muziki ya mwaka 1952, ukaungua humo. Hata hivyo mwaka 2012 filamu hiyo ilitoka upya ikiwa imesafishwa, na mwaka 2022 ikatolewa tena kwenye diski zenye picha kali kuliko zote za nyumbani. Iliwezekana kwa sababu nakala nyingine zilikuwa zimetunzwa mahali pengine. Mashine za kisasa zilifanya kazi kubwa, lakini zisingekuwa na cha kusafisha kama nakala hizo zisingekuwapo.

Afrika nayo imeanza kukumbukwa. Mwaka 2017 taasisi ya filamu iliyoanzishwa na Martin Scorsese, pamoja na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, na UNESCO, ilianzisha mpango wa kufufua filamu 50 za bara hili. "Soleil Ô" ya Mmauritania Med Hondo ni miongoni mwa zilizokarabatiwa, na mwaka 2020 ilitoka kwenye diski za Blu-ray nchini Marekani. "West Indies" ya mwaka 1979, filamu ya muziki ya Hondo huyohuyo inayosimulia historia ya utumwa ndani ya meli moja, nayo imesafishwa na kurudi kwenye kumbi za sinema mwaka 2024. Ni kazi ya kupongezwa.

Tatizo linaanza baada ya pongezi. Kampuni za filamu zimeigawa dunia katika kanda za diski. Blu-ray iliyofungiwa Amerika husomwa na mashine za huko, wakati Afrika imewekwa kanda moja na Ulaya. Mkazi wa Rohero mwenye uwezo wa kuagiza diski hiyo kwa dola anaweza kuipokea, akaiweka kwenye mashine yake, na mashine ikaikataa. Mwafrika amezuiwa kuiangalia filamu ya Kiafrika iliyookolewa kwa jina la urithi wa Afrika. Na akifanikiwa kuifungua, atakuta maandishi ya Kiingereza chini ya picha.

Wapo watakaosema diski zimepitwa na wakati, kwamba vijana wa Bujumbura wanaangalia kila kitu kwenye simu. Ni kweli, lakini filamu ya mtandaoni hukaa pale kwa ridhaa ya mwenye mtandao. Mkataba ukiisha inaondolewa, na kifurushi cha intaneti kikiisha haionekani. Nakala iliyo kabatini katika maktaba, shule au kituo cha vijana haiondolewi na mtu aliye mbali. Umeme ukirudi, inaendelea pale ilipoishia.

Wengine watauliza kwa nini nchi inayohangaika na mafuta ya magari na dawa za hospitali ifikirie filamu kuukuu. Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu. Jibu lake ni kwamba kutunza ni rahisi kuliko kufufua. Mkanda wa filamu ukikaa kwenye joto na unyevu, kama ule wa pwani ya Tanganyika, huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Rangi hupauka zikabaki nyekundunyekundu, na sauti huharibika. Kwa filamu ya muziki, sauti ikienda kinachobaki ni watu wanaofungua midomo. Chumba kikavu chenye ubaridi leo kinagharimu kidogo kuliko maabara ya Ulaya baada ya miaka 20, na mkanda uliooza kabisa hakuna maabara itakayouponya.

Burundi ina sababu yake ya kulijali jambo hili. Filamu yake ndefu ya kwanza, "Gito l'ingrat" ya Léonce Ngabo, mwanamuziki aliyegeukia sinema, ilitoka mwaka 1992. Inamfuata msomi anayerudi kutoka Paris akidhani uwaziri unamsubiri. Watu walicheka. Lakini Oktoba 1993 vita vilianza, na Bujumbura inayoonekana kwenye filamu hiyo ikawa mji wa kabla. Kijana aliyezaliwa wakati wa vita ana haki ya kuona mitaa ambayo wazazi wake walitembea bila hofu.

Ukanda huu hauhitaji kufundishwa jinsi ya kuifanya filamu ya kigeni iwe yake. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam kuna wasimulizi wanaozitafsiri filamu kwa Kiswahili huku zikiendelea, na Kigali kazi hiyo inaitwa agasobanuye. Watazamaji wa Kihindi hawakuwahi kuwa wachache Afrika Mashariki, ingawa lugha ilikuwa ngeni, kwa sababu nyimbo zilijitafsiri zenyewe. Kinachokosekana ni makubaliano.

Jumuiya imekwisha kugawana taasisi zake: Kamisheni ya Kiswahili iko Zanzibar, ya Sayansi na Teknolojia iko Kigali, ya Utafiti wa Afya iko Bujumbura. Haishindwi kuwa na hazina moja ya filamu. Nchi wanachama zikubaliane kwamba kila filamu inayopigwa ndani ya mipaka yao iache nakala huko. Zidai pia kwamba filamu ya ukanda huu ikikarabatiwa popote, nakala safi yenye maandishi ya Kiswahili iletwe, pamoja na ruhusa ya kuionyesha bure shuleni na katika maktaba. Mwenye haki hatapoteza soko, kwa sababu hapa hakuwa ameliuzia chochote.

Mawaziri wa utamaduni wanapokutana Arusha huzungumzia ngoma, na ni sawa. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, na rumba ya Kongo ikafuata mwaka 2021. Ngoma ina bahati kwamba mtoto huirithi kwa kuitazama mikono ya baba yake. Filamu haina njia hiyo. Mkanda wake wa mwisho ukioza, hakuna mzee atakayeweza kuipiga tena kwa kukumbuka.