Miaka 60 ya Nostra Aetate: Papa kutosali msikitini kunaeleza nini?

Na Mwandishi Wetu

Novemba 29, 2025, Papa Leo XIV alivua viatu mlangoni mwa Msikiti wa Sultan Ahmed jijini Istanbul, nchini Uturuki, akaingia akiwa na soksi tu miguuni, akatembezwa na wenyeji wake chini ya kuba la msikiti huo wenye vigae vya rangi ya bluu, akasikiliza maelezo, kisha akatoka. Hakuonekana kusali. Vatikani ilieleza baadaye kuwa ziara hiyo ilifanyika kwa ukimya, katika hali ya kutafakari na kusikiliza, kwa kuheshimu mahali hapo na imani ya wanaosali hapo.

Jambo hilo dogo limezua mjadala mpana, kwa sababu watangulizi wake wawili walioingia katika msikiti huo huo walifanya vingine. Papa Benedikto XVI, Novemba 30, 2006, alisimama kimya kando ya Mufti wa Istanbul, wote wawili wakielekea kibla. Papa Fransisko, Novemba 29, 2014, aliinamisha kichwa, akafumba macho na kusali kimoyomoyo. Wapo waliohitimisha kwamba Papa wa sasa amerudi nyuma. Wapo pia Wakatoliki walioshusha pumzi, wakiamini kwamba mpaka uliokuwa umefutika umechorwa upya.

Kwa maoni ya mwandishi wa uchambuzi huu, pande zote mbili zinatumia kipimo kisichofaa. Majadiliano ya kiroho kati ya Kanisa Katoliki na dini nyingine yana historia, yana kanuni, na yamegharimu uhai wa watu. Ishara ya kiongozi mbele ya kamera ni sehemu yake ndogo sana.

Historia hiyo ilitimiza miaka 60 mwaka 2025. Oktoba 28, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko linalojulikana kwa maneno yake mawili ya kwanza ya Kilatini, Nostra Aetate. Ndilo hati fupi kuliko zote 16 za Mtaguso huo. Katika kura ya mwisho maaskofu 2,221 walilikubali na 88 walilikataa. Mmoja wa mababa wa Mtaguso huo alikuwa Kardinali Laurean Rugambwa wa Tanganyika, aliyekuwa ametawazwa kuwa kardinali mwaka 1960.

Tamko hilo halikuanza kama hati kuhusu dini zote. Juni 1960 mwanahistoria Myahudi kutoka Ufaransa, Jules Isaac, aliyepoteza mkewe na binti yake katika mauaji ya Wanazi, alikutana na Papa Yohane XXIII akamwomba Kanisa lichunguze upya mafundisho yaliyokuwa yakiwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Kristo. Papa alilipokea ombi hilo. Maandalizi yalipoanza, maaskofu wa Mashariki walihofia kwamba hati juu ya Wayahudi peke yao ingesomwa katika nchi za Kiarabu kama msimamo wa kisiasa. Hivyo rasimu ikapanuliwa, na Waislamu, Wahindu na Wabudha wakaingizwa. Dini za jadi za Afrika hazikutajwa kwa jina, pengo ambalo wanateolojia wa bara hili wamelizungumzia mara nyingi, na ambalo Papa Yohane Paulo II aligusia kwa vitendo Februari 1993 alipokutana na wafuasi wa Vodun huko Cotonou, Benin.

Maudhui yake yanaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Linawatazama kwa heshima Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja, na linawasihi wote wayaache magomvi ya karne zilizopita. Linalaani ubaguzi wa aina yoyote unaotokana na rangi, hali ya maisha au dini. Wakati huo huo tamko halikusema kwamba dini zote ni sawa, wala halikuliondolea Kanisa wajibu wa kumtangaza Kristo. Mvutano kati ya mambo hayo mawili umebaki hadi leo, na ndio uliojitokeza Istanbul.

Mwaka 1964, hata kabla tamko halijapitishwa, Papa Paulo VI alikuwa ameunda chombo maalumu cha Vatikani kwa ajili ya uhusiano na wasio Wakristo. Chombo hicho kiliongozwa na Mwafrika, Kardinali Francis Arinze wa Nigeria, kuanzia mwaka 1984 hadi 2002. Mwaka 1984 kilitoa hati iliyogawa majadiliano katika sura nne: majadiliano ya maisha, ambamo majirani wanaishi pamoja; ya matendo, ambamo wanashirikiana katika haki na maendeleo; ya wataalamu wa teolojia; na ya uzoefu wa kidini, yaani watu waliozama katika imani zao kushirikishana namna wanavyomtafuta Mungu katika sala na tafakuri.

Sura tatu za kwanza wananchi wengi wanazifahamu. Ya nne husikika kwa nadra kwa kuwa watendaji wake wakuu wamekuwa wamonaki, watu wasiopenda kelele. Padre Mjesuiti Hugo Enomiya-Lassalle, aliyefika Japani mwaka 1929 na kunusurika bomu la atomiki la Hiroshima, alijifunza tafakuri ya Zen akiwa padre na akabaki padre. Mmonaki Mmarekani Thomas Merton alikutana na Dalai Lama nchini India Novemba 1968, wiki chache kabla ya kufariki dunia Bangkok. Kuanzia mwaka 1979 wamonaki wa Kibudha kutoka Japani walikwenda kukaa katika monasteri za Wabenedikto barani Ulaya, wakifuata ratiba ya wenyeji wao ya kuamka, kufanya kazi na kunyamaza. Baadaye Wabenedikto nao wakaenda Japani.

Katika mikutano ya namna hiyo ndiko kulikojengeka kanuni ambayo ulimwengu uliiona Assisi, Italia, Oktoba 27, 1986. Yohane Paulo II aliwaalika viongozi wa dini mbalimbali katika mji wa Mtakatifu Fransisko kufunga na kuombea amani. Asubuhi kila kundi lilisali mahali pake. Jioni walikusanyika, kila dini ikasali kwa zamu kwa maneno yake yenyewe, wengine wakisikiliza kwa heshima. Walikusanyika mahali pamoja kwa ajili ya kusali, lakini hawakutunga sala moja ya wote. Tofauti hiyo inaweza kuonekana kama hila ya maneno, ila bila hiyo mkutano usingewezekana: Mwislamu asingeweza kutamka maneno ya Utatu Mtakatifu, na Mkristo asingeweza kuyaacha.

Hata hivyo, wapo ambao hawakuridhika. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre aliuona mkutano wa Assisi kuwa kashfa, na mwaka 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, hatua iliyosababisha mpasuko. Ndani ya Vatikani kwenyewe, Kardinali Joseph Ratzinger hakwenda Assisi mwaka 1986, na mwaka 1989 ofisi yake ilitoa barua iliyowatahadharisha Wakatoliki dhidi ya kuchanganya ovyo mbinu za tafakuri za Mashariki na sala ya Kikristo. Alipokuwa Papa Benedikto XVI, hotuba yake ya Regensburg ya Septemba 12, 2006 iliwakasirisha Waislamu katika nchi nyingi.

Ni Papa huyo huyo, miezi miwili na nusu baada ya Regensburg, aliyesimama kimya akielekea kibla Istanbul. Mwaka uliofuata wanazuoni 138 wa Kiislamu waliwaandikia viongozi wa Wakristo barua wakiwaita katika mambo mawili yanayowaunganisha, kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Papa Leo naye, mwezi mmoja tu kabla ya kwenda Uturuki, aliongoza maadhimisho ya miaka 60 ya Nostra Aetate mjini Vatikani pamoja na wawakilishi wa dini mbalimbali. Anayetaka kujua nani ameufungua mlango na nani ameufunga kwa kuangalia midomo ya Mapapa ndani ya msikiti atapata majibu yanayopingana.

Palipo na jibu la maana zaidi ni Tibhirine, kijiji kilicho karibu na mji wa Médéa katika milima ya Atlas, Algeria. Wamonaki Watrapisti waliishi hapo miongoni mwa Waislamu. Bruda Luc, aliyekuwa daktari, aliwatibu wanakijiji kwa miongo kadhaa. Wanakijiji walipohitaji mahali pa kuswalia, wamonaki waliwapa chumba ndani ya eneo la monasteri, hivyo kengele na adhana zikawa zinasikika kutoka uwanja mmoja.

Mkuu wao, Christian de Chergé, alikuwa amewahi kutumikia Algeria kama ofisa kijana wa jeshi la Ufaransa wakati wa vita vya ukombozi. Rafiki yake Mwislamu alimkinga dhidi ya watu waliotaka kumdhuru, na baadaye rafiki huyo akauawa. Deni hilo hakulisahau maisha yake yote. Kuanzia mwaka 1979 alishiriki kuanzisha kikundi kidogo cha sala na tafakari, ambacho baadaye kiliungana na Waislamu wa tarika ya Alawiyya kutoka Médéa. Walichagua mada, wakaenda kuitafakari kila mmoja kwake kwa miezi kadhaa, kisha wakarudi kushirikishana. Hawakujadili itikadi, kwa kuwa walijua mjadala huo ungewagawa upesi. De Chergé alisimulia kwamba yeye na jirani yake Mwislamu waliyaita mazungumzo yao kuchimba kisima, na siku moja alimuuliza kwa utani kama chini watayakuta maji ya Kiislamu au ya Kikristo. Jirani alishangaa kuulizwa swali hilo baada ya safari yote ile, akajibu kuwa watayakuta maji ya Mungu.

Desemba 1993, machafuko yalipokuwa yamepamba moto, wafanyakazi 12 kutoka Kroatia waliuawa jirani na hapo kwa sababu ya imani yao, na usiku wa mkesha wa Krismasi watu wenye silaha wakafika monasterini. Wamonaki walijadiliana kwa muda mrefu kama waondoke. Majirani waliwaomba wabaki, nao wakabaki. Usiku wa Machi 26 kuamkia 27, 1996, saba kati yao walitekwa, na miezi miwili baadaye vifo vyao vikathibitishwa. Mazingira kamili ya mauaji hayo yana utata hadi leo. Agosti 1 mwaka huo huo Askofu Pierre Claverie wa Oran aliuawa kwa bomu pamoja na dereva wake kijana, Mohamed Bouchikhi, Mwislamu aliyejua hatari ya kumwendesha askofu na hakuacha kazi hiyo. Wamonaki hao saba, Askofu Claverie na watawa wengine 11 walitangazwa wenye heri Desemba 8, 2018, mjini Oran, ndani ya nchi ya Kiislamu.

Ukitoka Tibhirine na kurudi Istanbul, ukimya wa Papa Leo unaonekana katika ukubwa wake halisi. De Chergé alikaa kando ya Waislamu waliokuwa wakisali bila kujifanya mmoja wao, na hakuna jirani aliyemshuku kuwa anawadharau. Imani hiyo ilitokana na miaka mingi ya kuishi pamoja. Mgeni aliyeingia kwa dakika chache akiwa na waandishi wa habari nyuma yake hana akiba ya namna hiyo; akisali ataulizwa alisali kwa nani, asiposali ataulizwa kwa nini.

Mtanzania ana namna yake ya kulielewa hili. Katika sherehe za kitaifa sheikh huomba dua, kisha askofu au padre naye husali, kila mmoja kwa taratibu za dini yake, na umati wote ukiwa umesimama. Serikali haiwaandikii dua hizo, kwa kuwa Ibara ya 19 ya Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata lugha yetu imebeba ujirani huo: sala ya Mkristo na swala ya Mwislamu ni neno moja la Kiarabu lililofika katika nyumba mbili, na wote wawili humwita Mwenyezi Mungu bila kuombana ruhusa.

Mfano ulio karibu zaidi ni msiba. Mwislamu anapofariki, jirani Mkristo hufika mapema, huchanga, husaidia kuchimba kaburi na kubeba jeneza. Safu zinapopangwa kwa ajili ya swala ya jeneza, husogea pembeni na kusimama kimya. Swala ikiisha, hurudi na kutia udongo kama wengine. Wafiwa hawamwulizi kwa nini hakuingia katika safu.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu itaangukia Februari 18, na Ramadhani inatarajiwa kuanza wiki hiyo hiyo kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Vatikani, kama ilivyofanya tangu mwaka 1967, inatarajiwa kutoa ujumbe wake kwa Waislamu kwa ajili ya mfungo na sikukuu ya Idd el-Fitr. Katika nyumba za Dar es Salaam, Tanga au Kigoma zenye watu wa dini zote mbili, jiko moja litapika futari ya mmoja na chakula kisicho na nyama cha Ijumaa ya mwingine.