MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Mto Kalambo, ulio mpaka wetu na Zambia, hushuka kutoka nyanda za Ufipa na kuanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200, kisha ukaelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, yamepatikana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu yapata miaka 476,000 iliyopita. Si ajabu wageni wakaongezeka.

Swali letu ni hili: wakija, nani atafaidi? Mgeni akilala Sumbawanga, akaja na chakula chake, akapiga picha na kuondoka, wananchi wa Kapozwa wataachiwa vumbi la gari tu.

Twawaasa ndugu zetu hao waunde ushirika wa kuwaongoza wageni, kuwapikia na kuwalaza. Nayo Halmashauri iwape wao nafasi hiyo kwanza, kabla ya tajiri atokaye mbali.

Lakini jembe lisiwekwe chini. Huko Norwe, kijiji kidogo cha Geiranger, kilicho kwenye mkono wa bahari uliobanwa na milima, hutegemea sana watalii. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, karibu meli zote za watalii zilitoweka.

Mahindi na maharage ndiyo nguzo ya nyumba ya Mfipa. Fedha ya mgeni iwe nyongeza, nayo iingie mikononi mwa mwenyeji.