Pompe za hoteli na depo za Baraka: nani anaziangalia kabla mvua ianze?

Kwa mji wa Baraka, pompe ya hoteli, ya depo ao ya nyumba ya ghorofa yenye magazini chini haiko ya mwenye jengo peke yake. Pale inapozunguka, majirani wanaleta bidoni zao kwa robine ya nje, wengine kwa kulipa, wengine kwa ujirani tu. Siku inapokufa, watu hao wanateremka ziwani. Ndiyo maana swali la nani anaifungua, anaisafisha na kubadilisha jointi yake kabla ya mvua linagusa avenue nzima.

Mfano uko karibu, kule Uvira. Watafiti walifuata takwimu za Regideso na za kituo cha matibabu ya kolera kuanzia 2009 hadi 2014, wakatangaza matokeo mwaka 2015. Siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kolera, katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ya maji ya kutosha. Siku moja tu. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo ilihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Pompe ya hoteli haihudumii watu wengi kama Regideso, lakini jirani aliyekosa maji anafanya jambo lile lile: anachukua bidoni na kwenda ziwani ao mtoni. Na kolera inajulikana kando ya Tanganyika, toka Uvira mpaka Kalemie kupitia Fizi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Sasa tuangalie majira, maana hapa ndipo wengi wanakosea. Ziwa haliko na kimo kimoja mwaka wote. Maji yanapanda mpaka Aprili na Mei, kisha yanashuka polepole mpaka Oktoba na Novemba, na tofauti ya mwaka wa kawaida inakaribia sentimita 80. Kwa mtu anayeoga ni kitu kidogo. Kwa tiyo inayovuta maji karibu na ukingo ni mambo mengine kabisa. Tiyo iliyowekwa vizuri mwezi wa tano, mwezi wa kumi krepini yake, kile kichujio cha mwisho, inakuta iko karibu na matope. Inavuta mchanga, mara nyingine inavuta hewa. Mchanga unakula turbini na jointi. Hewa inafanya pompe izunguke kavu, ipate moto na kuungua. Halafu kuna kinyume chake: mwaka 2021 na 2024 ziwa lilipanda kupita kawaida, likaingia mpaka ndani ya nyumba za watu. Mota iliyofungwa chini, kando ya ukuta, inazama katika hali kama hiyo. Kuiinua juu ya meza ya simenti ni kazi ya siku moja. Lakini usiiinue kupita kiasi: pompe ya juu ya ardhi haivuti maji vizuri ikiwa yako chini zaidi ya mita 7 hivi.

Wenye foraji wanasema hayo hayawahusu. Yanawahusu kwa upande mwingine. Mvua za kwanza zinasomba uchafu wote wa kiangazi, pamoja na ule wa vyoo, na kama mdomo wa foraji umepasuka, uchafu unaingia. Tanki lililokaa na matope chini linaharibu hata klore: maji machafu yanaimaliza kabla haijaua vijidudu. Kwa hiyo tanki linasafishwa kwanza, klore inafuata, na baada ya nusu saa fundi anapima kama bado iko miligramu 0.5 kwa litre. Kutia klore bila kupima ni kubahatisha.

Umeme nao una majira yake. Panneau za jua zinajaa vumbi wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua mawingu yanazipunguzia nguvu. Grupe inayotoa umeme dhaifu inaunguza mota bila mtu kujua. Kifaa kidogo cha kuzima pompe maji yakiisha kinagharimu kidogo kuliko mota mpya, lakini ndicho cha kwanza kuachwa wakati wa kujenga.

Mbona basi kazi haifanyiki? Kwa sababu ya mkataba wa kupanga. Unataja kodi na garanti, pompe haimo. Mpangaji anajiuliza kwa nini atie pesa zake kwa nyumba ya mwenzake. Mwenye nyumba anayekaa mbali anasema aliyeitumia ndiye aliyeivunja. Wanagombana pompe ikiwa tayari imekufa, na piesi haziko karibu. Tangu M23 ishike Bukavu, Februari 2025, njia ya mji mkuu wa jimbo si ya kutegemea. Inabaki Kigoma, kwa chombo, na miezi ya upepo wa kusini, Juni hadi Agosti, ziwa linachafuka. Kwa jengo la upande wa rasi ya Ubwari, ongeza safari nyingine ya maji.

Sheria ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, iliweka huduma ya maji ya kunywa mikononi mwa majimbo na mamlaka za chini. Meri ya Baraka ingeweza kudai daftari la pompe kwa kila jengo linalouzia majirani maji. Wafanyabiashara wataogopa taksi nyingine, na hawajakosea kuogopa. Mstari mmoja ndani ya mkataba ungefanya kazi haraka zaidi: mota na tiyo ni za mwenye jengo, jointi, usafi na klore ni za mpangaji, pesa ya bidoni inawekwa kando kwa ajili ya piesi.

Tarehe nayo iandikwe: piesi ziagizwe kabla ya kiangazi kuisha, fundi aje Septemba. Wakati huo maji yako chini, na krepini anaifikia akisimama. Akiitwa Aprili, itabidi azamie.