Timu ya Mji Wetu

Marehemu baba yangu hakuchoka kutusimulia mwaka 1965, Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa Kenya. Sikuwa nimezaliwa, lakini jina hilo nililipenda tangu utotoni. Baada ya Alasiri alinipeleka kutazama mpira wa mtaani. Maghribi ikikaribia alinishika mkono tukaelekea msikitini, hata mchezo ukiwa haujaisha. Leo Feisal haisikiki tena ligi kuu, na mabao ya utotoni nimeyasahau. Mkono ule sijausahau. Nakiri, wanangu niliwaachia televisheni na timu za Uingereza. Sasa nimeanza na mjukuu. Enyi wazazi, msichelewe kama mimi. Wabillahi tawfiq.