KONA YA KIINGEREZA: "Keen" na "kin" si neno moja

Nilikuwa nimetayarisha somo jingine la mwezi huu, lakini nimeliacha kwanza kwa sababu ya mama mmoja, jirani yangu hapa Lobule.

Watu walipita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali. Siku hiyo mkalimani hakuwepo. Kijana aliyeshika karatasi akamuuliza huyu mama kwa Kiingereza kama yeye ni "keen to go back" Kongo. Mama akasikia "kin". Neno hilo analijua sana, kwa sababu kwenye kituo cha afya wanaandika "next of kin", yaani ndugu wa karibu wa kuitwa ukizidiwa. Kaka zake wawili bado wako upande wa Ingbokolo. Akajibu kwa sauti, "Yes, yes, two!" Kijana akatia alama yake, akaaga.

Jioni mama akaniita. "Mwalimu, leo wameandika kaka zangu, pengine watanitafutia habari zao." Nikamwomba arudie swali vile alivyolisikia. Aliporudia, nikashtuka. Alikuwa ameulizwa kama ana hamu ya kurudi, na yeye amekubali mara mbili. Na nyinyi jirani mnajua alivyotoka kule, usiku, na watoto mgongoni.

Msimcheke. Kiswahili chetu kina sauti moja tu ya "i", na Kifaransa tulichosoma Kongo vilevile. Kiingereza kinazo mbili. Katika "keen" sauti inavutwa, kiiin, na midomo inatanuka kama unacheka. Katika "kin" inakatwa haraka. Ni kama "sheep", kondoo, na "ship", meli.

Sasa "keen" yenyewe ina maana gani? Zamani sana huko Uingereza ilikuwa sifa ya mtu shujaa. Wajerumani mpaka leo wana ndugu yake, "kühn", ambaye ni jasiri. Baadaye Waingereza wakaitumia kwa makali ya upanga na kisu, na kwa mtu mwenye hamu na bidii. Siku hizi maana ya hamu ndiyo mtaisikia zaidi. Ukienda soko la Koboko kununua panga lililonolewa, sema "sharp", utaeleweka. Ukisema "keen panga" watakuangalia tu.

Wengi wetu tunataka kulitafsiri kwa neno letu "kali". Mara nyingine inakubali. Macho makali ni "keen eyes". Mbwa mwenye pua kali ana "keen nose". Upepo wa baridi kali ni "keen wind". Lakini angalieni hapa: "keen teacher" si mwalimu mkali wa fimbo, ni mwalimu anayependa kazi yake. Na bei? Sisi tukisema bei kali, mfuko unalia. Muingereza akisema "keen price", ni bei nafuu! Muuzaji ameikata ili akushinde kwa ushindani. Basi ukiona neno hilo kwenye tangazo dukani Arua usikimbie, ingia.

Halafu kuna "keen" ya huku kwetu Afrika Mashariki. Mwalimu darasani akisema "Be keen!" hasemi muwe na hamu. Anasema muwe makini, msirukeruke. Ukikuta kwenye ripoti ya mtoto wako "He should be keen", mtoto hajafanya kosa kubwa, ila anasoma swali nusu na kukimbilia jibu. Watoto wa darasa la saba, hii inawahusu. Lakini kama wameandika "He is keen to learn", furahi mzazi, mtoto ana kiu ya kusoma.

Namna ya kulipanga ni rahisi. Likifuatwa na tendo tunatia "to": "I am keen to work." Likifuatwa na kitu tunatia "on": "She is keen on football." Kosa ninalolisikia kila siku ni "keen for learn". Hapana jamani.

Sasa sehemu muhimu. Muingereza akisema "I am not keen", usifikiri bado anapima mambo. Anakataa kwa adabu. Ni "sitaki" iliyovaa shati safi. Na wewe unaweza kuitumia mbele ya afisa, si matusi.

Tulirudi kwa yule kijana kesho yake, akiwa bado nyumba za chini. Hakukasirika. Alitoa karatasi, akauliza upya polepole, na mimi nikatafsiri. Mama akajibu mwenyewe: "I am not keen to go back now. I have two brothers there." Alama ikafutwa, ikawekwa pengine.

Kama huelewi swali, usiseme "yes" ili kumfurahisha mgeni. Sema hivi: "Please ask me in Swahili." Andikeni sentensi hiyo nyuma ya kadi ya kliniki, haiwezi kupotea.

Zoezi la nyumbani, mzazi na mtoto pamoja. Tafsirini: "My mother is keen on farming." "Who is your next of kin?" "We are not keen to sell the goat." Leteni majibu shuleni siku ya Ijumaa. Ile ya mbuzi najua itazua kelele kwenye nyumba fulani.