Farasi 210 na Kiwanja cha Chanika

Mwezi huu tunaingia gereji. Usikunje uso, maana wapo wapenzi wengi tu ambao ugomvi wao haukuanzia kwenye simu wala kwa mama mkwe, ulianzia chini ya boneti.

Nimepata barua ya dada mmoja wa hapa hapa Dar. Mume wake ana Toyota Altezza, ile ya silinda nne na gia za mkono, na anaipenda mpaka mtaa mzima unajua. Wawili hawa wameweka pamoja milioni sita kwa ajili ya kiwanja Chanika. Sasa shemeji kaja na habari mpya: gari limekuwa zito, halivuti kama zamani, na fundi wake kamshauri afunge tabo. "Dada mhariri," anauliza, "nikimkatalia ataona namnyima raha. Nikikubali, kiwanja ndiyo basi tena. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, usikatae na usikubali. Uliza maswali. Na ili uulize vizuri lazima ulijue hilo gari, kwa sababu mwanaume akishagundua kwamba hujui plagi ni kitu gani, mazungumzo yanaishia hapo. Mimi mwenyewe nilisomea mawasiliano, si makanika, lakini haya mambo si ya kichawi.

Altezza ilitoka Japani mwaka 1998 na ikatengenezwa mpaka 2005. Hiyo ya shemeji inaitwa RS200 na ina injini ya 3S-GE ya lita mbili, ambayo Toyota waliifanya kwa kushirikiana na Yamaha. Yenye gia za mkono ilitoka kiwandani na farasi 210. Lita mbili, bila tabo! Kuna watu wanaendesha Altezza ya silinda sita, yenye farasi 160, halafu wanabisha baa kwamba nao wana 210. Tuwaache.

Swali lako la kwanza liwe hili: hao farasi 210 bado wapo? Gari dogo kabisa katika hizo lina zaidi ya miaka 20. Limetumika Japani, limepanda meli, limekuja kula vumbi na foleni zetu. Anayesema gari lake "limekuwa zito" anakuambia kwamba kuna farasi wametoroka. Kwa nini ununue wengine kabla ya kuwatafuta waliopotea?

Injini kazi yake ni kuvuta hewa. Kila kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na kompyuta ya gari ndiyo inayopiga hesabu hiyo kwa kusoma sensa. Sensa ya hewa ikishika uchafu inadanganya, na kompyuta inapima mafuta kwa kufuata uongo huo. Ea klina ikiziba, hewa inapungua. Nozeli zikichafuka, petroli inadondoka badala ya kutoka kama ukungu. Plagi zikiisha, au ukiuziwa feki, moto unakuwa dhaifu. Mkanda wa taimingi ukiwa umefungwa kwa kuruka jino moja tu, valvu zinafunguka nje ya wakati wake, na hapo gari litawaka vizuri, litatembea, lakini halitavuta. Shemeji anaweza kukaa na tatizo la namna hiyo miaka miwili akidhani ni uzee.

Kwa hiyo mwambie aanze na kipimo cha kompresheni. Fundi anatoa plagi, anafunga geji kwenye kila silinda, anapiga staata. Ni kazi fupi. Namba nne zikikaribiana na ziko juu, injini ni nzima na hayo mengine yote ni huduma ya kawaida. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, basi tabo isitajwe tena nyumbani kwenu, kwa sababu kuongeza nguvu kwenye injini iliyochoka ni sawa na kumpa mgonjwa gunia abebe.

Halafu kuna masega, yale yaliyo ndani ya bomba la moshi. Mafundi wetu wanapenda sana kuyatoa, wanasema gari linapumua. Kama masega yameziba au yameyeyuka, ni kweli injini inakabwa koo na inabidi yabadilishwe. Lakini masega mazima hayali nguvu nyingi kama unavyoambiwa. Kinachoongezeka zaidi ni kelele na moshi wenye sumu, tena sumu ambayo mtoto aliyekaa siti ya nyuma kwenye foleni ya Ubungo anaivuta. Na muulize fundi: yakishatoka yanakwenda wapi? Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Yana soko, dada. Ukiambiwa "hayo ni takataka, niachie tu", fumbua macho.

Tuseme sasa injini ni nzima, imehudumiwa, na shemeji bado anataka zaidi. Sawa, ni haki yake, kila mtu ana starehe yake. Hapa ndipo ukweli unapouma. 3S-GE ya Altezza ilishakamuliwa na wenyewe kiwandani. Ukifunga ekzosi pana, ukaweka hedaz na kuipanga upya kompyuta, unaongeza farasi wachache. Wakitimia kumi, mshukuru Mungu. Ile ea klina ya koni inayoachwa wazi ndani ya boneti, ambayo vijana wanaipenda kwa mlio wake, inaweza hata kukurudisha nyuma, kwa sababu inavuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Hewa nyepesi, nguvu kidogo. Ndiyo maana pia gari hilo hilo likipanda Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, linapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake bila kuharibika popote.

Na kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi kwa sababu haliuzi spea. Farasi 210 wanapatikana kwenye raundi 7,600. Ukiendesha kwenye raundi 3,000, kama wengi wetu mjini, hata nusu yao hawajaamka. Mtu anayebadilisha gia mapema kila siku halafu analalamika gari halina nguvu, anapaswa kwanza kuitazama mita ya raundi.

Tabo je? Hiyo ni feni inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Inafanya kazi kweli, sikatai. Lakini injini hii inabana hewa mara 11.5, kiwango kikubwa sana, na ilikusudiwa petroli ya oktani ya juu. Ukiibana zaidi ya hapo, petroli inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, pistoni zinapasuka. Ili tabo ikae salama unahitaji pistoni za aina nyingine, nozeli kubwa, pampu ya mafuta, kipoza hewa, klachi ya kuhimili, na mtu anayejua kweli kuipanga kompyuta. Fundi aliyetaja bei ya tabo peke yake ametaja bei ya mlango, nyumba bado. Mwombe aandike kila kitu kwenye karatasi na asaini. Ukimwona anaanza kukuna kichwa, umepata jibu.

Kabla ya senti moja kwenda kwenye mbio, gari lisimame kwanza. Kutoka spidi 100 kwenda 120, mzigo wa breki unaongezeka kwa asilimia 44. Chungulia namba nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT kwenye ubavu wa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1413, hilo tairi lilizaliwa Aprili 2013, hata kama muuzaji wa mtumba amelipaka dawa likang'aa.

Kuna wanaoruka yote haya na kubadilisha injini nzima, wanaweka 2JZ ya lita tatu. Hapo ujue namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na isipobadilishwa kisheria utahangaika siku ya kuuza. Kampuni ya bima nayo iambiwe, tena mapema, isije kujua siku ya ajali.

Na kwa kuwa tumegusa kadi, dada, nami nina swali: hiyo kadi ina jina la nani? Na kiwanja cha Chanika mlikubaliana kiandikwe jina la nani? Niandikie, hilo tutalifungua mwezi ujao.